Kazi Yangu Ilikuwa Kungoja Jani Liondoke

Vijana wangu, mkiniona nimesimama kwenye daraja la miti kule Kankomba, nimeinamisha kichwa muda mrefu, msidhani nimeangusha funguo. Sijaangusha kitu. Ni mazoea ya kazi. Juzi mmoja wenu aliniuliza kwa heshima zote, "Papa Asukulu, wakati ya Zaire ulikuwa unatumika kazi gani?" Nikamwambia nilitumika kwenye maji. "Muvuvi?" Hapana. "Fundi ya bomba?" Hapana. Basi nikamwambia ukweli: kwa miaka mingi nililipwa kwa kuangalia majani yaliyozama chini ya kijito na kusema saa ngapi yameanza kwenda. Alicheka mpaka akatafuta kiti. Nimeona afadhali niandike, mcheke wote kwa pamoja, mmalize, tuendelee na mengine.

Kijito cha Kankomba kinashuka kutoka vilima vilivyo nyuma ya mji wetu wa Kalemie, kinapita chini ya miembe na kando ya mashamba ya mihogo, halafu kinaingia ziwani. Siku zile, karibu na mwisho wake palikuwa na nyumba ndogo ya matofali yenye pompi moja. Bomba nene lilitoka katika nyumba hiyo likaingia majini, na mdomo wake ulifunikwa na chujio la chuma lenye matundu, ambalo sote tuliliita krepine. Pompi ilivuta maji hapo ikayapeleka hospitali. Majani yakiziba krepine, pompi inavuta hewa, inapata moto, inaungua. Na pompi ilikuwa hiyo moja. Vipuri vyake vilikuwa njiani nilipoajiriwa, na nilipostaafu vilikuwa bado njiani; huenda ninyi ndio mtakaovipokea.

Kwa hiyo mtu mmoja alikaa juu ya kijito, mbali kidogo na kituo, akiangalia majani ya chini. Yakianza kusafiri alipiga kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini, na mwenzake kule kwenye pompi akaizima na kufunga vane, yaani kile kifungio cha bomba kinachozungushwa kwa gurudumu. Majani yalipita zake hadi ziwani, vane ikafunguliwa, na mama aliyejifungua akapata maji ya kuoga. Mtu wa juu nilikuwa mimi. Mtu wa pompi alikuwa mkubwa wangu, Injenieri Mbayo. Hakukuwa na mtu wa tatu.

Mimi ni Mubembe wa kaskazini mwa ziwa. Baba yangu alikuwa mvuvi, na babu yangu, na kila mtu tuliyefahamiana naye. Mimi peke yangu nilikuwa natapika kabla mtumbwi haujafunguliwa kamba. Nyumbani walijaribu dawa, wakajaribu maombi, mwisho wakajaribu Kalemie. Injenieri Mbayo aliniuliza swali moja tu kabla ya kuniandika kazi: "Unaweza kuangalia kintu kimoja siku muzima bila kulala?" Nikasema naweza. Jumapili tatu mfululizo nilikuwa nimemwangalia Numbi, mwimbaji wa kwaya, kuanzia wimbo wa kwanza hadi baraka ya mwisho, kwa hiyo sikudanganya.

Kosa langu la kwanza nawapa bure. Injenieri alikuwa mtu wa shule na wa abakosi, ile suti ya Zaire isiyovaliwa tai, iliyopigwa pasi, aliyeamini kwamba hata mto unaweza kuwekwa sawa. Alitengeneza mfereji wa mbao, akaniambia nilete majani tujue ni maji ya nguvu gani yanayoyaondoa. Nikaleta kikapu cha majani makavu yaliyoanguka asubuhi ileile. Tukayamwaga katika mfereji. Kabla hajafungua maji vizuri, majani yalishaelea, yakafika mwisho, yakadondoka chini. Injenieri akaandika katika daftari lake, kwa herufi nzuri sana: "Majani ya Kankomba huondoka kabla ya maji." Tuliishi na sentensi hiyo wiki mbili. Kila asubuhi nilipofika kazini nilipiga reli kwa tahadhari, yeye akafunga vane, na hospitali ikawa haipati maji mpaka saa sita mchana.

Aliyetutoa katika ujinga huo alikuwa Mama Mauwa, aliyeloweka mihogo yake katika kidimbwi kilichokuwa chini kidogo ya mahali nilipokaa. Kazi ile mnaijua: muhogo unamenywa, unalazwa majini siku tatu au nne mpaka ulainike, ndipo unaanikwa na kutwangwa unga wa bukari, yaani ugali wetu. Mtu aliyelaza chakula cha watoto wake mtoni hawezi kuwa mjinga wa mambo ya maji. Asubuhi moja alinisikia napiga reli, akapanda na beseni lake kichwani.

"Weye unapigaka hii chuma juu ya nini?"

"Majani inaanza kwenda, Mama."

"Ya wapi?"

Nikamwonyesha jani moja lililokuwa linaelea.

"Ile si jani ya mutoni," akasema. "Ile ni mugeni, imeanguka sasa, inapita. Jani ya mutoni ni ile imekunywa maji mpaka imechoka, inalala chini. Weye unasalimia wapita njia, na wenye nyumba hauwaangalie."

Alinikalisha kando ya kidimbwi siku mbili. Niliyojifunza hapo ndiyo niliyoyatumia mpaka pensheni, kwa hiyo sikilizeni, hata kama mtacheka baadaye. Usianze na jani. Anza na vitu vidogo: nyuzi za muhogo, unga wa majani yaliyooza, zile punje nyeusi zisizo na uzito. Hizo ndizo za kwanza kusogea, zinaruka hatua moja, zinakaa, zinaruka tena. Ukiziona, weka kikombe chako cha chai chini. Sasa tazama jani. Jani halitoki mara moja, kwa sababu limelala bapa na maji yanapita juu yake bila kulishika. Kwanza linatetemeka. Kisha linainua pembe moja. Maji yakiingia chini ya ile pembe, linajipindua, linalala tena, na hapo wageni wengi katika kazi hupumua wakidhani basi. "Ikijipindua mara ya pili," alisema Mama Mauwa, "njo imekwenda. Hairudie."

Jambo lingine ni mawe. Jani lilelile, maji yaleyale: ukililaza juu ya mchanga mtupu litaondoka, ukilitia nyuma ya jiwe litakaa mpaka Noeli. Majani hujikusanya hapo, moja juu ya jingine, yakishikiliwa na utelezi wa jiwe, na yanahitaji maji makali ndipo yaachie. Na jambo la tatu, ambalo hata Injenieri lilimchukua miezi kulikubali: mvua ya kwanza hubeba kila kilicholala ovyo, na mvua ya pili, hata ikileta maji ya kiasi kilekile, hukuta waliojishika tu. Kwa hiyo usipime hatari kwa kina cha maji peke yake. Uliza kwanza kijito hakijaoga tangu lini.

Injenieri alipopata habari alinuna siku mbili, ya tatu akaja kukaa na Mama Mauwa, amekunja suruali, ameshika kalamu. Aliuliza maswali mpaka mihogo ikaiva kupita kiasi. Mwisho wa mwezi alituma ripoti mkoani yenye kichwa "Mbinu ya Mbayo". Mama Mauwa alipewa nakala, akaiviringisha ikawa kifuniko cha chupa ya mafuta ya mawese.

Karatasi ilikuwa shida siku zile. Tuliandika mkoani kuomba madaftari, tukajibiwa kwa barua ya kurasa mbili kwamba hakuna karatasi. Injenieri akapata kwa rafiki yake bandarini kifurushi cha fomu za abiria, zilizokuwa zimekaa bure kwa sababu meli yenyewe ilikuwa imeharibika. Kila fomu ilikuwa na vyumba vya kujaza: Jina. Anakotoka. Anakokwenda. Sababu ya safari. Mizigo. Injenieri hakuvumilia chumba kitupu. Kwake hiyo ilikuwa dizordi, yaani fujo. Kwa hiyo kila jani nililoliona likiondoka nililiandika. Jina: Jani la Muembe. Anakotoka: nyuma ya jiwe la tatu. Anakokwenda: ziwani. Sababu ya safari: maji. Mizigo: konokono mmoja. Baada ya miezi kadhaa mkono ulichoka kuandika "maji", nikaanza kuyapa majani sababu nyingine. Matibabu. Msiba. Kutembelea ndugu. Mtu akikaa peke yake mtoni mambo haya humpata.

Sasa nifike kwa Papa Kalenga, maana bila yeye hii ingekuwa habari ya majani tu. Papa Kalenga, baba yake Numbi, alikuwa machinisti, yaani dereva, wa treni ya Kabalo. Watu wa mtaa wake walirekebisha saa zao kwa kumwangalia akitoka nyumbani. Alikuwa mzee wa kanisa pia, na ilijulikana Kalemie nzima kwamba hajawahi kusema uongo, hata ule mdogo wa adabu. Ukimkaribisha bukari mbichi alikwambia ni mbichi, tena mbele ya mke wako. Nilimwogopa kuliko ziwa. Lakini nilimpenda Numbi, na Numbi alinipenda, basi nikamchukua mjomba wangu tukaenda kujitambulisha.

"Kijana, unatumika kazi gani?"

"Ninaangalia majani mutoni, Papa."

"Halafu?"

"Ikianza kwenda, ninasema."

"Halafu?"

"Inapita."

Papa Kalenga alimgeukia mjomba, labda akitumaini yeye ni mtu wa akili. "Miye ninavutaka treni," akasema. "Ninapita Nyunzu, ninafika Kabalo, ninarudisha watu wazima. Kesho muntu akiniuliza, mukwe wako anafanyaka nini, nitamujibu nini? Majani inajiendea yenyewe, na yeye anaiona?" Akasimama. "Jumamosi ya wiki ingine nitakuja pale mutoni na macho yangu. Nikikuta ni kazi, nitasema ni kazi, na mutoto utamupata. Nikikuta si kazi, usirudie hapa."

Siku iliyofuata Numbi alinikuta sokoni, akasimama mbele ya vikapu vya ndagaa akijifanya anachagua. "Papa hana shida na weye," akaniambia bila kunitazama. "Ana shida na majani. Fanya iende muzuri." Nilirudi kazini nikiyatazama majani kwa jicho jingine. Nilikuwa sijawahi kuyaomba kitu.

Nisingekuwa na wasiwasi kama shefu wa mtaa asingepata kiu. Alipita Alhamisi ya wiki ileile kuomba maji ya kunywa, akaziona fomu mezani, akavaa miwani na kusoma ukurasa baada ya ukurasa.

"Sitwayen Asukulu, hawa watu wote wametoka mu mutaa yangu?" akauliza; siku zile sote tuliitwa sitwayen, yaani raia.

"Si watu, shefu. Ni majani."

"Huyu moja amekwenda kutembelea ndugu."

"Ni jani, shefu."

"Na konokono."

"Konokono alikuwa juu yake, shefu."

Akavua miwani. "Kama ni majani," akasema, "basi kuna uchafu mu kijito ya mutaa yangu, tena imeandikwa, na miye sikuambiwa."

Wazee wenu watawaeleza salongo ilikuwa nini: kazi ya lazima ya Jumamosi, kila mtu na jembe lake au fagio lake, na asiyefika anaitwa. Jumamosi hiyo, wiki moja kabla ya ziara ya Papa Kalenga, mtaa mzima uliingia katika Kankomba kukifagia. Sisemi mfano, walikifagia. Walikokota majani yote ya chini, yale mazito yaliyolala miezi, wakayarundika ukingoni kwenye kona ya juu mpaka rundo likanipita urefu. Kisha wakatoa mawe, moja moja, wakayasugua utelezi kwa mchanga, wakayapanga mstari kando zote mbili, wakayapaka chokaa. Kijito kikabaki mchanga mtupu. Samaki wadogo walisimama katikati hawajui pa kujificha. Shefu alisimama mwisho wa mstari wa mawe meupe, machozi ya furaha yakimlenga.

Injenieri naye, kwa kuwa alipenda vitu vilivyonyooka, alisema ni hatua nzuri. Mimi nilikaa chini nikashika kichwa. Nilikuwa na siku saba, na hapakuwa na jani hata moja la kumwonyesha machinisti. Mwisho nilikwenda kwenye rundo, nikachagua majani kumi yenye sura nzuri, nikayalaza juu ya mchanga kwa mstari mbele ya mahali ambapo kiti chake kingewekwa. Kila asubuhi niliyakagua na kunyoosha lililojikunja.

Mama Mauwa alikuja kutazama. "Mumetoa mawe," akasema. "Majani haina tena pa kushika. Na ile kilima ya uchafu mumeweka pale kona, maji ikipanda vidole viwili itaikamata miguu. Itakuja yote pamoja, na njiani hakuna wa kuisimamisha."

"Mama," nikamwambia, "kwanza mukwe."

Aliniangalia, akainua beseni lake. "Sawa. Kwanza mukwe."

Vijana, mtu aliyewafundisha kazi akiwaambia neno kama lile, acheni hata harusi mkahamishe rundo. Mimi nilikwenda kujaribu suruali. Injenieri alikuwa ameniazima ya abakosi yake ya pili, kubwa mno kwangu, nikaifunga kiunoni kwa kamba ya nailoni.

Papa Kalenga alifika saa nne kamili na kofia yake ya kazi na saa yake ya mfukoni. Tulimwekea kiti. Injenieri Mbayo alitakiwa kuwa kwenye pompi, lakini hakuweza kuvumilia mtu mwingine aeleze Mbinu ya Mbayo. Aliiacha pompi ikivuta, akafunga mlango kwa sababu ya wezi, akatia ufunguo mfukoni, akaja kusimama nasi. Nilimwona. Niliona kabisa kwamba watu wawili wa kituo wako upande mmoja. Lakini kichwa changu kilikuwa kimejaa majani kumi.

Kwa muda mrefu majani hayakufanya kitu. "Inalala," alisema Papa Kalenga. Nikasema ndiyo, Papa. Baada ya nusu saa akasema tena, "Inalala." Injenieri alieleza habari ya mwendo wa maji kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa mikono. Jua lilipanda. Papa Kalenga akafungua saa yake, akaifunga, na mimi nikajiona narudi kwetu kwa miguu.

Mvua ilikuwa inanyesha vilimani, kwetu hakuna tone. Nikaona uzi mmoja wa muhogo umeruka hatua moja. Ukakaa. Ukaruka tena. "Papa," nikasema, "imeamka." Jani la nne likatetemeka, kisha likainua pembe, taratibu.

"Inafanya nini?" aliuliza.

"Inataka kwenda, lakini bado."

Jani likajipindua, likalala. Papa Kalenga alitoka kwenye kiti. Alivua kofia, akapiga magoti ukingoni pale, katika matope, mtu ambaye hata kanisani alipiga magoti juu ya kitambaa. "Bado," akasema polepole. "Bado. Bado." Sijawahi kufurahi vile maishani mwangu. Nilijua nimempata.

Hapo Mama Mauwa akaita kutoka kidimbwini kwake, "Kilima inakuja." Nikainua macho. Rundo lote la salongo lilikuwa limeteleza majini, limejaza kijito ukingo hadi ukingo, linatambaa chini kwenye mchanga laini uliofagiwa, bila jiwe hata moja la kulizuia. Nikaishika nyundo nikapiga reli. Nikapiga kwa nguvu zangu zote, kwa mfuatano sahihi, mpaka nikageuka na kumwona Injenieri Mbayo amesimama karibu nami, mikono nyuma, anasikiliza.

"Umepiga muzuri," akaniambia.

Nilikimbia. Mlango wa pompi ulikuwa umefungwa, na ufunguo uko juu mfukoni mwa yule anayenisifu. Niliingia majini nikaanza kuyatoa majani kwenye krepine kwa mikono. Nikitoa kumi yanakuja mia. Nikawazia wale akina mama hospitalini, nikawazia vipuri vilivyo njiani, na nikapata wazo ambalo nilidhani ni la akili: nikaligeuzia krepine mgongo, nikakaa juu yake, ili niyasukume majani kwa miguu na mikono kabla hayajalifikia. Hakuna jani hata moja lililogusa krepine tangu hapo. Isipokuwa sasa lilikuwa limezibwa na mimi. Suruali ya Injenieri ilivutwa, nami nikavutwa nayo, nikanasa. Pompi ikaanza kukoroma. Kazi yote ambayo nilikuwa nayazuia majani yasiifanye, niliifanya mwenyewe kwa makalio.

Papa Kalenga hakujua mto, lakini alijua mashine. Alisikia ule mkoromo kutoka kule juu. "Mashine inakufa," akasema, na akakimbia, kofia ikabaki matopeni. Injenieri alimfuata akijipekua mifuko yote minne ya abakosi. Papa Kalenga hakumngoja. Aliupiga mlango teke, akaingia, akazima pompi, akazungusha gurudumu la vane mpaka mwisho. Pakawa kimya. Pompi ilipona, ilivuta maji miaka mingi baada ya hapo. Nami nikaachiwa ghafla nikasimama. Suruali haikusimama nami.

Papa Kalenga alikuwa ametoka mlangoni, tunatazamana. Mama Mauwa, aliyetufuata mbio, alinitupia beseni, lakini beseni lina safari yake hewani. Papa Kalenga alifungua saa yake ya mfukoni, akaitazama kwa muda mrefu sana, kisha akaondoka.

Labda ninyi wa leo hamwoni ubaya. Sisi tulijua. Katika buko, yaani ukwe, mkwe hali chakula mbele ya baba mkwe kama kwake, hampi mkono ovyo, na mwili wake hauonekani. Ukionekana, buko imekufa. Ndoa haipo. Numbi alilia, nami nililia, na Injenieri aliniandikia barua ya shukrani ya serikali iliyosema nimeitumikia pompi kwa mwili wangu wote.

Wazee walikutana nyumbani kwa Papa Kalenga baada ya wiki. Kaka yake mkubwa alikuja kutoka Nyunzu kuongoza. Mjomba wangu alijenga hoja kwamba siku ile nilikuwa bado si mkwe, kwa hiyo ni mwanamume aliyeonwa na mwanamume, jambo la kila siku ziwani. Kaka mkubwa akajibu kwamba ni kweli: nikibaki si mkwe, hakuna kosa, nikiwa mkwe, kosa lipo. Mjomba aliitafuta njia ya kutoka hapo, hakuiona, akaomba maji ya kunywa.

"Hatuhukumu kwa maneno ya barabarani," akasema kaka mkubwa. "Ndani ya treni, watu watatu wamenielezea, na kila moja ameongeza yake. Aliyekuwa pale ni ndugu yangu. Yeye hadanganyake. Akisema aliona, tumemaliza." Akamgeukia. "Kalenga, uliona nini?"

Nilitazama sakafu. Nyuma ya pazia nilisikia Numbi ameacha kupumua. Niliwaza kwamba katika Kalemie nzima nimekwenda kupenda binti wa mtu mmoja asiyejua kusema uongo.

Papa Kalenga alijiweka sawa kitini. Mikono ilikuwa juu ya magoti, mizito, kama ya mtu anayengoja ishara ya stesheni.

"Niliona majani," akasema.

"Majani tu?"

"Majani tu. Ilikuwa mingi sana."

Mjomba alikohoa maji aliyokuwa anakunywa. Kaka mkubwa alimkazia macho mdogo wake, mzee wa kanisa, mtu aliyemfahamu tangu tumboni mwa mama yao, akamwangalia mpaka niliona aibu kwa niaba ya wote wawili. "Na hiyo majani," akauliza polepole, "ilikuwa inafanya nini, hata uiangalie vile?"

Papa Kalenga akageuka kunitazama, mara ya kwanza tangu siku ile.

"Ilikuwa inaanza kwenda," akasema. "Ni kazi. Muntu lazima akuwe pale aione."